Vidonge vya Mama Domina

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Domina aliwasha moto gengeni kwao, akaosha mchele na kuchambua maharage. Genge lilikuwa kando ya barabara kuu pale Mikumi, mahali madereva wa malori husimama kula. Zamani kazi hizo alizifanya mama yake, Natalia. Siku hizi Natalia alitoka nyumbani hadi gengeni, hatua zisizofika mia, akipumzika mara tatu, mkono kifuani, kama mtu aliyepanda milima ya Vidunda na gunia la mahindi kichwani.

Miaka mitatu nyuma alikuwa mnene kiasi cha magoti kumgomea, na kisukari kilishaanza kumnyemelea. Madaktari mjini Dar es Salaam walimpasua wakalipunguza tumbo lake, ili ashibe kwa chakula kidogo. Akapungua, magoti yakapona, sukari ikashuka. Kisha, taratibu, ukaja uchovu usioondoka hata kwa kulala. Viganja vyake vikapauka, nywele zikakatika, na akaanza kutamani udongo, ule wa vipande unaouzwa sokoni.

"Mafuta yametoka, uvivu umebaki," alisema Mama Happiness, aliyeuza chapati kwenye genge la jirani. Wala hakunong'ona.

Domina aliuma meno. Mama Happiness huyo huyo ndiye aliyekuwa akimwita mama yake Kibonge. Akinenepa anachekwa, akikonda anachekwa. Sasa mtu aweje?

Sista Upendo wa zahanati alimpima Natalia, akakuta damu ni ndogo, akampa vidonge vyekundu vya madini ya chuma. Kila mwezi Domina alikwenda na kadi kuvichukua, maana mama yake asingefika kwa miguu. Shida ilikuwa moja. Vidonge hivyo ndivyo wanavyopewa wajawazito, na dirisha la dawa lilikuwa lao wote.

Siku moja Happiness, binti wa yule muuza chapati na mwanafunzi mwenzake wa darasa la sita, alimwona Domina kwenye foleni ya wajawazito. Jioni akamwona sokoni akinunua udongo. Na Mikumi nzima inajua ni nani wanaokula udongo.

"Dada mkubwa, shikamoo," alisema Optatus, mwanafunzi mwenzao, kesho yake shuleni wakati wa uji. "Mdogo wako anazaliwa lini?"

"Mdogo gani?"

"Huyo unayemnunulia udongo."

"Na baba yake nani?" akadakia Happiness. "Maana baba yako alizikwa tukiwa darasa la pili."

Darasa zima lilicheka. Domina alimmwagia Happiness uji wake wote. Aliyeadhibiwa ni Domina: wiki nzima alifagia madarasa peke yake, huku waliomtukania mama yake wakicheza mpira.

Mwezi uliofuata alitumwa tena. Alifika hadi getini mwa zahanati, akaiona ile foleni, akageuza.

"Vidonge vimeisha, mama," alisema. "Wamesema mwezi ujao."

"Basi tutasubiri," alijibu Natalia. Hakuwa na nguvu hata ya kuuliza.

Mwezi wa pili Domina alisema uongo ule ule. Safari hii ulimtoka kwa urahisi.

Jumamosi moja Natalia aliinua sufuria ya wali, akasimama nusu, akaanguka. Wali ukamwagika vumbini. Watu wakajaa.

"Mimba hiyo," alisema Mama Happiness. "Mpelekeni kwa wakunga."

"Mama yangu hana mimba," Domina alisema kwa hasira. "Hana damu. Mmekaa mnamtazama mwaka mzima akikosa pumzi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anaumwa nini."

Dereva mmoja aliacha sahani yake, akawapakia kwenye gari. Kutoka Mikumi walipewa rufaa ya kwenda Kilosa. Huko Daktari Mathias alisoma majibu ya maabara mara mbili.

"Mama, damu yako ni nne na nusu. Mwanamke mzima anatakiwa awe na kumi na mbili kwenda juu. Hukupewa vidonge?"

"Nilipewa. Ila huu ni mwezi wa pili zahanati haina."

"Miezi miwili?" Daktari alichukua simu yake. "Sista Upendo namfahamu. Hebu anieleze anakaaje miezi miwili bila dawa kama hii."

Domina aliitazama ile simu. Sista Upendo humpa vidonge kabla zamu yake kwenye foleni haijafika, ili awahi shule. Leo atafokewa bure.

"Vipo, daktari," alisema. "Mimi ndiye sikwenda. Nilimdanganya mama."

Natalia aligeuza kichwa kwenye mto, akamtazama. Domina aliona heri angechapwa.

Daktari aliiweka simu mezani. "Umekosa, tena kosa kubwa. Lakini si wewe peke yako. Mama, tumbo lililopunguzwa halinyonyi madini ya chuma kama zamani. Kwa hali hii vidonge pekee huenda visingetosha. Ulitakiwa kupimwa damu kila mwaka, maisha yako yote. Hawakukwambia?"

"Walinipa karatasi. Ya Kiingereza. Iko chini ya godoro."

"Chini ya godoro," alirudia daktari, uso umemkunjamana. "Mtu anaulizwa ugonjwa wake kwa Kiswahili, halafu maelekezo ya kumweka hai anaandikiwa kwa Kiingereza. Na wewe mama, miaka mitatu hukupata wa kukusomea? Tena huo udongo acha. Mwili ukikosa madini ya chuma huutamani, lakini ukiula unayazuia yasiingie. Na vidonge usinywe na chai."

Mjomba Cosmas, kaka yake Natalia, alikuja kwa bodaboda kutoka Kimamba, akachangia damu. Baadaye Natalia akatundikiwa dripu ya madini ya chuma.

Wiki ya nne alikuwa gengeni. Alitoka nyumbani bila kupumzika hata mara moja. Mama Happiness akasogea na chapati mbili kwenye sahani.

"Pole, mwenzangu. Kumbe ulikuwa unaumwa."

"Nilikuwa naumwa uliponiita mvivu, na nilikuwa naumwa uliposema nina mimba," alisema Natalia. "Ungeuliza, ningekwambia. Chapati nimepokea, asante."

Mama Happiness alirudi kwenye genge lake, macho chini.

Natalia akamgeukia binti yake. "Na wewe usifurahi. Ya shuleni umeshanieleza yote. Wale walisema uongo kwa kutojua. Wewe ulisema uongo ukijua, ukaniacha nipungukiwe damu ili wenzako wasikucheke. Aibu haijaua mtu, Domina. Kuificha ndiko kulikotaka kuniua. Mtu akikuonea, njoo uniambie. Usimkimbie kwa uongo, maana uongo haukumfika Happiness, ulinifika mimi."

"Nisamehe, mama."

"Nilikusamehe siku ile uliposema kweli mbele ya daktari. Kadi ya kesho iko wapi?"

"Hii hapa."

"Wakikuuliza, waambie ni vidonge vya mama yako, ana upungufu wa damu. Wakicheka, wacha wacheke. Wewe usitoke kwenye foleni mpaka uwe navyo mkononi."