Kafuri Kwenye Kichujio cha Pajulu

Jumatatu hiyo mama mmoja, jina lake Afisa, alifika kazini Pajulu saa mbili asubuhi, akafagia veranda, akala muhogo wake wa kuchemsha, kisha akaenda kutazama geji ya kichujio cha bwawa. Ilikuwa Januari ya mwaka 1993, jua kali, vumbi jekundu juu ya kila kitu. Mabosi wa kampuni ya barabara walikuwa wamekwenda likizo ya mwezi mzima. Ndani ya ua wa kampuni walibaki watu wawili tu: Afisa, mjane kutoka kijiji cha Abuku, mwenye miaka arobaini na kitu, na Angelo, fundi wa mota, mkimbizi kutoka Sudan. Afisa aliachiwa agizo moja: maji ya bwawa la kuogelea yasigeuke kijani.

Mshale wa geji ulikuwa umepanda. Ukipanda, ujue kichujio kimeziba. Mabosi wakiwepo, wakiogelea na watoto wao, kilikuwa kikiziba baada ya wiki tatu. Sasa hakuna aliyeogelea, na Afisa alikuwa amekisafisha Ijumaa tu.

Hakushangaa. Alikuwa ameacha kushangaa siku nyingi. Akazima mota, akafungua koki ya hewa juu ya tangi, akalegeza klampu, akainua kifuniko na kutoa katriji, lile pipa la kitambaa kilichokunjwakunjwa kama sketi ya shule. Akaisimamisha kwenye sakafu ya zege, akaipiga maji ya mpira kutoka juu kwenda chini, mkunjo kwa mkunjo. Siku zote hutoka majani, wadudu na mafuta ya ngozi.

Siku hiyo ilitoka pamba. Vipande vidogo vyeupe, vimesokotwa kwa vidole, kila kimoja na umbo la ndani ya tundu la pua.

Afisa alivifagia. Akapaka grisi ringi ya mpira, akafunga tangi, akawasha mota. Mshale ukashuka.

Jumatano ulikuwa umepanda tena. Angelo alikuja kumsaidia kufungua. Mikunjo ilikuwa imejaa nywele ndefu na udongo mweusi, na tangi lote lilinuka.

"Mama, nani naogelea hapa?" Angelo aliuliza, sauti chini.

"Hakuna mutu."

"Na hii harufu?"

"Kafuri."

"Kafuri iko ya nini?"

"Ya kuosha maiti."

Angelo akafanya ishara ya msalaba. Afisa akaendelea kupiga maji.

Zamani, yeye na dada yake Medina ndio waliokuwa wakiosha maiti za wanawake kule Abuku. Mwaka wa themanini, vita vilipoingia na watu wakakimbilia mpakani risasi zikilia nyuma yao, Medina alianguka na kufa njiani, kijiji cha Midia. Afisa alimzika kwenye shamba la muhogo, kwa jembe la kuazima, bila kuoshwa, bila sanda. Maji yaliyokuwepo yalikuwa ya kunywa watoto. Njia nzima watu walizikwa hivyo. Tangu siku ile Afisa hakuosha maiti tena, wala hakulia. Kifua chake kilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ukiubonyeza, hausikii.

Ijumaa, baada ya adhuhuri, mshale ulifika kwenye alama nyekundu.

"Nazima," Angelo alisema. "Nafunga hii kitu. Bosi atarudi, ataona yeye mwenyewe."

Akazima mota, akaenda kwenye kibanda cha getini.

Ua ukanyamaza. Afisa akabaki ukingoni, mpira wa maji mkononi. Jua lilikuwa utosini. Maji yalikuwa safi, aliweza kuona vigae vya chini.

Kisha akasikia maji yakimiminwa. Mara tatu. Kimya. Mara tatu tena. Upande wa kulia kwanza, halafu wa kushoto. Alijua mpangilio ule. Hakuona mtu. Ila pale sauti ilipotoka udongo ulianza kushuka majini, taratibu, kama unaoshuka kutoka mgongoni mwa mtu.

"Afisa." Ilikuwa kama pumzi tu. "Maji yamesimama."

Ilikuwa sauti ya Medina.

Alingoja moyo wake upige. Haukupiga zaidi ya kawaida.

"Kama maji hayatembei, shuka wewe," sauti iliendelea.

Kitu kikamshika kifundo cha mkono. Baridi. Vidole vitano. Hakupiga kelele. Hakujivuta. Alishuka ngazi ya kwanza. Ya pili. Maji yakafika magotini. Kiunoni. Kifuani. Hakuona sababu ya kukataa.

"Mama!"

Angelo alikuwa anakimbia kutoka getini. Hakuja bwawani; alikwenda moja kwa moja kwenye mota aliyokuwa ameizima, akaiwasha. Bomba likakohoa. Maji yakaanza kuzunguka.

Vidole vikaachia.

"Toka, mama! Hii tangi itapasuka!"

Afisa akatoka, nguo zikimganda. Wakazima mota, wakafungua tangi, wakapiga maji katriji, wakairudisha.  Angelo alipowasha tena, Afisa alichukua kikombe cha plastiki, akapiga magoti ukingoni, akatia nia ya kuosha maiti kimoyomoyo, na kunyoosha mkono wa kushoto chini ya maji.

Kitu kizito kikalala kwenye kiganja chake. Mviringo, wenye nywele.

Akamimina. Mara tatu kulia. Mara tatu kushoto. Akafungua mafundo ya nywele kwa vidole. Alipomaliza, kiganja kikawa chepesi.

Akadhani yamekwisha. Kikaja kichwa kingine. Kikubwa zaidi. Kisha kingine.

Angelo alisimama kwenye mota mpaka alasiri, uso ameugeuzia ukutani. Kila mshale ulipopanda aliita, "Mama, imejaa," wakasafisha, Afisa akarudi kupiga magoti. 

Jumamosi mshale haukupanda.

Jumapili Afisa alipanda lori mpaka Koboko, akatembea kwa miguu mpaka Midia, kwa Mama Kaltumu, mwenye shamba lile alimozikwa Medina. Kaltumu alimpokea kwa salamu ndefu, akampa kigoda na uji. Kisha akamshika mkono, akamwingiza chumbani.

"Tangu Ijumaa," alinong'ona. "Nafuta, narudi nakuta mbichi."

Kwenye sakafu ya udongo, katikati ya kiangazi, palikuwa na nyayo za maji zilizotoka mlangoni mpaka kando ya kitanda. Za mwanamke. Na ubavuni mwake, zikimfuata, nyayo nyingine ndogo, urefu wa kidole gumba.

"Huyu mtoto iko wa nani?" Kaltumu aliuliza.

Afisa akachuchumaa kando ya nyayo zile ndogo. Medina alizikwa na mimba ya miezi saba. Hilo Afisa hakuwahi kumwambia mtu.