Imebaki Mikono Tu

Ng'washi alipotoka shule alikuwa na desturi yake. Kwanza alimsalimia babu yake, Mzee Mihayo, ambaye jioni zile hakuondoka uani kwa sababu alikuwa akilinda pamba isiliwe na mbuzi.

"Mwadila, guku!" Guku ndiyo babu kwa Kisukuma.

"Mwadila, ng'wanawane. Mhola?"

"Mhola, guku."

Kisha alivua sare, akala michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, iliyobaki kwenye sufuria, akaingia chumbani kuitazama misumari yake. Ilikuwa minne, imepigwa ukutani juu ya kitanda alicholala na dada yake. Kila msumari ulibeba mfuko wa rambo, na kila mfuko ulikuwa na kazi ya kufuma ambayo haijakwisha.

Mfuko wa kwanza ulikuwa na sweta la dada yake Felisita. Wa pili, kofia ya guku. Wa tatu, vitambaa vya makochi alivyotaka mama. Wa nne, soksi za mtoto mchanga wa Shangazi Salu, ambaye kwa kweli hakuwa mchanga tena. Alikuwa ameanza kutambaa, na miguu yake ilikuwa imekwisha kuzipita soksi zile kabla hajazivaa.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo biashara zilikuwa zimefunguliwa. Pamba ya Bariadi, iliyozoea kununuliwa na ushirika peke yake, sasa ilikuwa ikigombewa na wanunuzi binafsi wenye malori yao. Mitumba nayo ilifika kwa mabelo. Wazee waliiita kafa ulaya. Wengine walinunua mitumba wavae, lakini Ng'washi na mama yake, Monika, walinunua wafumue. Sweta kubwa la mwanamume, hata likiwa na tundu kiwikoni, lilitoa uzi wa kutosha kufuma kitu kipya.

"Tazama ubavuni kwanza," mama alimfundisha. "Likiwa limekatwa na kushonwa kwa mashine, liache. Utapata uzi wa vipandevipande, utafunga mafundo mpaka uchoke. Tafuta lililofumwa ubavu kwa ubavu. Hilo ukipata ncha, linafumuka lote."

Uzi waliuzungusha kwenye miguu ya kigoda, wakaulowesha, kisha wakauning'iniza pamoja na jiwe ili mikunjo ipotee. Sindano za kufumia zilikuwa spoku mbili za baiskeli mbovu, zimenolewa ncha. Kroshia ya vitambaa ilikuwepo moja. Sindano nazo zilikuwa jozi moja tu, na hapo ndipo shida ilipolala.

Ng'washi alikuwa na mikono myepesi, hilo hakuna aliyelipinga. Lakini alikuwa na ugonjwa wa kupenda mwanzo. Mtu akimwambia, "Wewe mtoto una mikono ya baraka, hebu nifumie na mimi," alijibu "Ndiyo" kabla mwenzake hajamaliza kusema. Mistari ya kwanza ilimnogea. Ikifika katikati, pale ambapo kila mstari unafanana na uliopita, moyo ulihamia mfuko mwingine. Akitaka kuhama ilimbidi avitoe vitanzi vyote kwenye sindano, avitunge kwenye kamba, afunge, ndipo aanze kazi nyingine. Kutwa ilipita akihamisha vitanzi tu.

Watu walipomuuliza, alikuwa na jibu lililompendeza kila mmoja.

"Kofia yangu je?" guku aliuliza.

"Imebaki utosi tu, guku."

"Na soksi za mwanangu?" aliuliza shangazi.

"Zimebaki vidole tu, shangazi."

"Na sweta langu?" aliuliza Felisita.

"Limebaki mikono tu, dada. Usichungulie!"

Felisita hakuchungulia, maana alikuwa ameahidi. Alikuwa amechaguliwa kuendelea na kidato cha tano Njombe, mbali kabisa, kule ambako mwezi wa saba umande huganda juu ya majani. Na Felisita alikuwa na pumu tangu utotoni. Hata kipupwe cha Bariadi, ambacho watu wa Njombe wangekiita joto, kilimfanya akohoe mpaka mama aamke. Ndiyo sababu sweta lile halikuwa pambo. Lilikuwa kinga ya kifua chake, na nyumba nzima ililijua hilo.

Ukweli ni kwamba ndani ya mfuko ule mlikuwa na mgongo wa sweta, basi. Kifua kilikuwa kimefika upana wa kiganja. Mikono haikuwepo hata kwa ndoto.

Jumamosi moja, mama alimchukua Ng'washi kwenda mnada wa Ngulyati. Ulikuwa mnada wa mwisho kabla Felisita hajasafiri, maana gari lake lilikuwa la Jumatatu alfajiri. Walipofika kwa Marcelo, muuza mitumba, walimkuta amesimama juu ya belo akiimba biashara yake.

"Kafa Ulaya, vaa Bariadi! Mayu Monika, njoo, leo nimekuwekea!"

Akamtupia mama sweta la kijani, zito, shingo ndefu, halina tundu hata moja. Mama alilinusa, akalinyoosha, akaligeuza ndani nje. Lilikuwa la saizi ya Felisita kabisa. Mama akamgeukia Ng'washi.

"Unasemaje, nilichukue hili? Hela ninayo, ila nikilichukua sitanunua shuka la dada yako."

Kwa muda mfupi Ng'washi alitaka kusema, "Chukua, mama." Neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini angesemaje, wakati kwa wiki nzima alikuwa akiimba wimbo mmoja? Aliona aibu.

"La dada limebaki mikono tu, mama," akasema.

"Na utamaliza?"

"Nitamaliza."

Mama akatabasamu, akalirudisha sweta la kijani juu ya belo. Hawajapiga hatua mbali, mwanamke mwingine akalinyakua, na Ng'washi akalitazama likienda zake.

Walipofika nyumbani alikimbilia chumbani. Alikuwa amepanga kufuma mchana huo na kesho yake bila kuinua kichwa. Akauvuta mfuko wa kwanza kwa haraka. Kamba iliyoshika vitanzi vya kifua ilitoka peke yake, nyepesi, haina kitu. Siku ile alipohamia kwenye kofia ya guku hakufunga fundo. Vitanzi vilikuwa vimeteleza vyote, na kadiri alivyojaribu kuvikamata ndivyo mistari ilivyozidi kufumuka. Mwisho alibaki na mgongo mapajani na uzi uliojikunja sakafuni.

Ng'washi alilia. Alilia kimya, uso ameuficha kwenye mgongo wa sweta, kwa sababu Felisita alikuwa chumba cha pili akipanga sanduku lake huku akiimba. Kikohozi chake kilisikika kati ya mstari na mstari wa wimbo. Kila kikohozi kilimchoma mdogo wake.

Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa kusingizia mbuzi. Mbuzi wa nyumba ile walikuwa na sifa mbaya, kila mtu angeamini. Lakini Felisita alikohoa tena, na Ng'washi akaona wazi kwamba mbuzi hatamkinga dada yake na baridi. Akaiangua mifuko yote minne, akaenda nayo barazani alikokuwa amekaa mama na guku.

"Mama," alisema, "nilikudanganya. Halikubaki mikono. Limebaki karibu lote."

Akamwaga mifuko juu ya mkeka. Palikuwa na mgongo wa sweta, nusu kofia, soksi moja isiyo na kisigino, na kitambaa cha kochi cha ukubwa wa sahani. Felisita alitoka ndani aliposikia sauti zao, akasimama mlangoni.

Mama aliinuka, akaenda mpaka kwenye lundo la pamba, akasimama huko akiwa amewapa mgongo. Ng'washi angependa achapwe kuliko kuutazama mgongo ule.

Guku aliichukua nusu kofia yake, akaivaa. Ilimkaa juu ya kichwa kama kata ya kubebea maji.

"Mshika mbili moja humponyoka," alisema. "Wewe umeshika nne. Hata mimi zizini sikamui ng'ombe wanne kwa mara moja, na ndoo ninazo."

Hakuna aliyecheka, isipokuwa Felisita, kidogo. Akaja akaketi kando ya mdogo wake.

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza. "Ningekusaidia."

"Nilitaka ufurahi."

"Nilifurahi kweli, Ng'washi. Nilifurahia kitu ambacho hakipo."

Mama alirudi. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa imetulia. Aliushika mgongo wa sweta, akaupima juu ya mabega ya Felisita.

"Sweta zima haliwezekani kwa muda tulionao," alisema. "Kizibao kinawezekana. Mgongo upo. Kifua tutakigawa vipande viwili na kufunga vifungo katikati, mimi nifume upande mmoja na Ng'washi mwingine. Kifua ndicho kinachotaka joto kwanza. Tatizo ni sindano. Jozi ni moja."

Guku aliinuka bila kuaga. Wakasikia kelele za koleo nyuma ya nyumba, alikoegemeza baiskeli yake, ile aliyoipenda kuliko fahali wake. Aliporudi alikuwa na spoku mbili mkononi. Akaketi, akaanza kuzinoa juu ya jiwe.

"Guku! Baiskeli yako!" Ng'washi alishtuka.

"Gurudumu lina spoku nyingi. Dada yako ana kifua kimoja." Kisha akaivua kofia yake. "Na hii ifumueni. Naona uzi wa sweta umeingia humu kwa siri."

Ilikuwa kweli. Ng'washi aliinamisha kichwa, akatafuta ncha, akaifumua kofia ya babu yake mpaka ikawa donge la uzi.

Walifuma jioni ile mpaka giza lilipoingia. Kesho yake walipotoka kanisani waliendelea. Mara hii hapakuwa na mfuko mwingine wa kuhamia. Ng'washi alipofika katikati, pale penye kuchosha, vidole vilitamani kitu kipya. Akamtazama mama, ambaye naye alikuwa katikati ya upande wake na hakusimama. Basi na yeye hakusimama. Ilimshangaza kuona kwamba katikati nako kuna mwisho wake, ukikaa tu.

Felisita aliunga mabega na mbavu kwa sindano ya kawaida, baba yao, Mzee Bundala, akatoa vifungo vya shati lake kuukuu. Upande wa mama ulikuwa umebana, mistari imenyooka. Upande wa Ng'washi ulilegea kidogo, ukatambaa chini kwa upana wa kidole. Mtu akifunga vifungo, aliona kabisa kwamba wamefuma watu wawili.

Jumatatu alfajiri walimsindikiza Felisita stendi. Sanduku lilibebwa na baiskeli ya guku, ambayo sasa gurudumu lake liliyumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Kwenye gari la Shinyanga, utingo alimtazama Felisita, akachekelea.

"Dada, hilo sweta mikono yake imeliwa na panya?"

Ng'washi alitamani ardhi ipasuke. Felisita aliviweka sawa vifungo vyake, akamjibu kwa fahari:

"Hapana. Imebaki mikono tu."

Wote wakacheka, guku zaidi ya wote. Ng'washi naye akacheka huku machozi yakimtoka, kwa sababu kwa mara ya kwanza maneno yale yalikuwa kweli. Felisita akamkumbatia, na Ng'washi akalisikia joto la uzi likipanda na kushuka na pumzi ya dada yake.

Gari lilipoondoka, mama alimshika Ng'washi mkono. Walitembea mpaka walipoipita misururu ya malori ya pamba.

"Ng'washi," mama alisema, "kazi ambayo haijakwisha si aibu. Kila mtu ana kazi ambayo haijakwisha. Lakini pale mnadani nilikuwa na sweta mkononi, nikaliweka chini. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuambia limebaki mikono."

"Kwa sababu nililiamini neno lako kuliko sweta nililolishika. Mtu akikuamini huacha akiba yake. Kwa hiyo ukimpa neno tupu, unamwacha uchi. Siku nyingine, ikiwa imebaki kazi nzima, sema imebaki nzima. Tutatafuta sindano nyingine."

Walipofika nyumbani, mama alichukua nyundo, akang'oa misumari mitatu. Akauacha mmoja.

Ng'washi alifuma mkono wa kulia, akaufuata wa kushoto, bila kugusa kitu kingine. Mikono ilipokwisha, mwalimu mmoja aliyekuwa akienda likizo kwao Iringa aliibeba, na kutoka huko ikasafirishwa kwa basi mpaka Njombe. Ndipo msumari ukapokea soksi za mtoto wa shangazi, safari hii kubwa zaidi. Zilipokwisha, vikafuata vitambaa vya mama. Kila aliyeuliza kuhusu kazi aliyomwagiza alijibiwa, "Bado sijaanza," na ajabu ni kwamba hakuna aliyenuna.

Mwezi wa Desemba Felisita alirudi likizo. Jua la Bariadi lilikuwa kali, hata mbuzi walikuwa wamejilaza kivulini. Yeye alishuka garini amevaa sweta, vifungo vyote vimefungwa, mikono yote miwili imefika mpaka kwenye vifundo, jasho linamchuruzika usoni.

"Livue, utakufa kwa joto!" mama alipiga kelele.

"Silivui mpaka kila mtu alione," Felisita alisema, akinyoosha mikono juu. "Kifua hakijanisumbua tangu mikono ilipofika. Ng'washi yuko wapi?"

Ng'washi alikuwa uani, kwenye kigoda, karibu na guku. Alitaka kukimbia kumlaki dada yake, lakini alikuwa mwisho wa mstari wa mwisho. Akavuta uzi, akafunga fundo, akalikaza kwa meno. Kisha akamvalisha babu yake kofia, na kofia ikamshuka mpaka masikioni, ndipo akakimbia.