Mama Povu na Gari Lililofutwa

Kila asubuhi, kabla jua halijavuka ukuta wa nyuma, Mama Povu alikuwa ameshaloweka mashuka ya nyumba ya wageni. Jina hilo alipewa na wateja, naye hakulikataa. Alikuwa dobi, na kazi yake aliijua. Shuka lenye doa likiingia mikononi mwake, lilitoka jeupe.

Mumewe alipiga pasi. Mchana alipanga mashuka kwenye mkokoteni, akayafunika kwa nailoni, akasukuma hadi nyumba ya wageni. Siku ya mvua kazi yote iliharibika njiani. Wiki ile ilinyesha mara tatu.

Msimamizi wa nyumba ya wageni hakumung'unya maneno. "Mashuka yakija tena na tope, natafuta dobi mwingine," alisema.

Mama Povu akapiga moyo konde. Akauza kiwanja alichoachiwa na baba yake. Kilikuwa kidogo, lakini hakuwa na kingine.

"Tununue gari," alimwambia mumewe. "Tukikosea hapa, hatuna kiwanja cha pili cha kuuza."

Kaka mkubwa wa mumewe alipata gari siku ya pili tu. Watu walimwita Mjuaji. Hakuna jambo asilolijua, hata yale ambayo hajawahi kuyaona. Alifika mlangoni na dalali, wamekaa ndani ya gari jeupe la mizigo.

"Bei hii huipati popote, mama," dalali alisema, meno yote nje. "Gari lilifutwa na bima. Liligongwa kidogo tu mbele, bampa na taa. Bima waliona usumbufu, wakamlipa mwenyewe. Mimi nimelinunua, nimelitengeneza. Sasa ni jipya!"

Mama Povu alifungua mlango. Viti vilikuwa safi. Zulia la chini lilikuwa safi. Ndani kulinukia marashi.

"Aliyefua viti hivi anajua kazi," alisema kwa furaha. "Mtu anayetunza kitambaa namna hii, injini hawezi kuitupa."

Hapo ndipo alipoteleza. Mtu mwingine angetazama matairi. Yeye ni dobi, akapumbazwa na usafi. Hakujiuliza kwa nini viti vya gari lililogongwa bampa vilihitaji kufuliwa vyote.

"Nimeshampa neno," Mjuaji alisema. "Kesho saa nne mnalipa."

Jioni hiyo jirani wa chumba cha pili alileta ovaroli zake zifuliwe. Alikuwa dada mrefu, mkaguzi wa magari ya ajali katika kampuni ya bima. Kwa sababu hakuachana na tochi yake, mtaa mzima ulimwita Dada Tochi. Mama Povu alimwambia habari njema.

Dada Tochi hakucheka. "Lilifutwa kwa sababu gani?"

"Bampa na taa."

"Nani kasema?"

"Dalali."

"Na karatasi zinasemaje?"

Mama Povu akaiweka ovaroli chini. Karatasi hakuziona.

"Sikiliza, Mama Povu," Dada Tochi alisema, akavuta kigoda. "Gari likiharibika, sisi tunapiga hesabu. Tukiona kulitengeneza kunakaribia bei ya gari lenyewe, tunalifuta. Tunamlipa mwenyewe, mabaki yanauzwa. Bampa na taa peke yake haviwezi kufuta gari kama hilo. Kuna kitu hujaambiwa."

"Kwa hiyo gari lililofutwa halifai kabisa?"

"Sijasema hivyo. Mengine yanafaa. Gari likiwa la zamani, hata mlango na ubavu vinatosha kulifuta, kwa sababu vipuri ni ghali kuliko lenyewe. Likitengenezwa vizuri, linatembea miaka. Lakini kama fremu imepinda, au gari limezama majini, kimbia."

"Kwani maji yana nini? Si yanakauka?"

"Nguo inakauka. Nyaya zinaoza taratibu. Leo gari linawaka, baada ya miezi miwili linazima katikati ya barabara. Breki zinaweza kushika kutu ndani usipopaona. Mifuko ya hewa inaweza kukataa kufunguka siku ya ajali."

Mume wa Mama Povu aliweka pasi chini. "Lakini kaka ameshatoa neno," alisema kwa unyonge. "Na bei ni nzuri."

"Bei lazima iwe chini, kaka," Dada Tochi alijibu. "Hata likitengenezwa vizuri, siku ukiliuza utapata kidogo. Na kampuni nyingine za bima zinakataa kulikatia bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe. Uliza kwanza, upewe jibu kwa maandishi. Usipouliza, unanunua mbuzi kwenye gunia."

Mama Povu alisimama. Alikuwa amekasirika, na zaidi alijikasirikia mwenyewe.

"Kesho njoo na tochi yako," alisema.

Saa nne dalali na Mjuaji walikuwa uani. Dada Tochi alilala chini ya gari akiwa na ovaroli safi. Mjuaji alimtazama, akasonya.

"Huyu naye nani? Tumekuja kulipa au kufanya mtihani?"

"Mtihani, shemeji," Mama Povu alijibu. "Atakayefeli tutamjua."

Dada Tochi alitoka chini ya gari. Alimulika sehemu za chini za viti, kwenye reli zake. Kulikuwa na kutu. Kisha akamwita Mama Povu.

"Vuta mkanda wa dereva. Vuta mpaka mwisho."

Mama Povu alivuta. Sehemu ya juu ilikuwa safi, inanukia marashi. Akaendelea kuvuta. Ile sehemu iliyojificha ndani ya nguzo ya mlango ilitoka. Ilikuwa na mstari wa kahawia, umenyooka, na chini yake kitambaa kilikuwa kigumu. Alipitisha kidole gumba. Alinusa.

Sasa hakuhitaji kuambiwa na mtu. Madoa ndiyo kazi yake.

"Hili ni tope," alisema. "Maji machafu yalisimama hapa. Yakakaa siku kadhaa, yakakauka yenyewe. Viti umevifua. Mkanda huu umeusahau."

"Jasho la dereva tu hilo, mama," dalali alisema.

"Dereva gani anatoka jasho la tope? Tena kwa mstari, kama amepimiwa na rula?"

Mumewe alicheka, akajizuia. Mjuaji alikuja juu.

"Shemeji, unanitia aibu! Nimetoa neno langu mbele ya mtu!"

"Neno umelitoa wewe," Mama Povu alisema. "Kiwanja nimekitoa mimi."

"Wanawake na magari wapi na wapi!"

"Mwenye macho haambiwi tazama, shemeji. Haya, macho unayo. Tazama mkanda."

Mjuaji hakutazama. Dalali akaona mambo yanaharibika. "Nina wateja wawili wananisubiri," alisema. "Mnalitaka au hamlitaki? Mimi nawahakikishia, gari hili halijaingia majini."

Mama Povu aliingia ndani. Alirudi na daftari analoandikia nguo za wateja, na kalamu.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Hayo hayo uliyosema. Kwamba gari hili halijaingia majini. Andika jina lako, weka sahihi. Ikigundulika si kweli, unarudisha pesa. Andika nikulipe."

Dalali aliitazama kalamu. Alimtazama Mjuaji. Mdomo wake ulikuwa mwepesi sana, lakini kalamu ilimshinda.

"Mimi siandikiani na wateja," alisema.

"Na mimi siwalipi wasioandika."

Mjuaji alimgeukia mdogo wake. "Mwambie mkeo! Wewe ndiye mwanamume humu!"

Mumewe alikuwa mtu mpole, na tangu utotoni alimwogopa kaka yake. Safari hii alichomoa funguo kwenye gari, akazitia mkononi mwa dalali.

"Chukua gari lako," alisema. "Kaka, chai ipo ndani ukitaka."

Mjuaji hakunywa chai. Aliondoka na dalali, na kwa wiki tatu hakukanyaga pale. Mvua ilinyesha, mkokoteni ukasukumwa kwa nailoni tatu, mashuka yakaponea chupuchupu, maneno ya mtaani yakasemwa. Wengine walisema Mama Povu ana kiburi. "Ninacho," aliwajibu, "na siku ile nilikihitaji."

Wiki ya nne Dada Tochi aliwapeleka kwenye gereji moja. Palikuwa na gari dogo la bluu la mizigo. Nalo lilifutwa na bima. Mwenye gereji hakuficha. Alitoa ripoti ya bima na picha za gari kabla ya matengenezo. Liligongwa ubavuni, mlango ukabonyea. Fremu haikuguswa. Mama Povu alilinganisha namba ya chasisi na karatasi, tarakimu moja moja. Fundi mwingine, asiyejuana na muuzaji, alipima magurudumu na fremu. Kampuni ya bima iliandika kwamba italikatia bima kubwa. Mama Povu alivuta mikanda yote mpaka mwisho.

"Andika," alimwambia mwenye gereji, na mwenye gereji akaandika ukurasa mzima.

Ndipo akalipa. Bei ilikuwa chini, kwa haki, kwa sababu gari lilikuwa na historia, na historia hiyo yeye aliijua.

Msimu mzima wa mvua mashuka yalifika makavu. Nyumba ya wageni ikamwongezea mapazia. Siku moja msimamizi alitoka nje, akalizunguka gari la bluu. Akaona rangi ya mlango mmoja imekolea kuliko ya mwingine.

"Mama Povu," alisema, sauti ikiwa chini kama anayemsitiri, "nasikia gari lako lilipata ajali."

"Ndiyo," Mama Povu alijibu kwa sauti, akishusha mashuka. "Liligongwa mlango wa kushoto, likafutwa na bima, likatengenezwa. Picha ninazo. Lako je, mama, liligongwa wapi?"

Msimamizi aligeuka, akalitazama gari lake lililoegeshwa kivulini, linang'aa.

"Sijui," alisema.

"Twende tukavute mkanda," Mama Povu alisema.