Alama Kumi na Nne za Haroub

Kila jioni alipotoka madrasa, Maisa alifunga kamba za viatu vyake, akatia kilo tatu za mchele kwenye begi la mgongoni, akapanda kilima cha Goba pamoja na mama yake hadi kwenye tangi la maji. Watoto wa mtaani walimcheka.

"Maisa, mnahama?"

"Tunahama. Tunakwenda kuishi kwenye tangi," alijibu bila kusimama.

Safari ilikuwa wazo lake: siku mbili kwenye msitu wa vilima vya Pugu, usiku mmoja ndani ya hema, na saa mbili za kutembea nje ya njia, katikati ya miti, wakiongozwa na askari wa misitu. Baba yake, Mzee Zahor mwenye duka, alikubali upesi. Mama yake, Bi Bahiya, aliweka sharti.

"Jumamosi tutajaribu hapahapa Goba. Tukienda na kurudi bila mtu kushindwa, tunakwenda Pugu. Tukikwama, likizo ni Tanga kwa shangazi yenu, kama miaka yote."

Maisa, mwenye miaka kumi na miwili, alichora ramani na kuandika mipango yote daftarini. Sharti la kwanza: viatu vipya vizoeshwe miguu kwa wiki mbili. Kaka yake Haroub, aliyemzidi miaka miwili, alisema atapanda kilima peke yake baada ya mpira.

"Nyie mnatembea kama mnakwenda msibani," alisema.

Kila magharibi alirudi akihema. "Nimepanda mara mbili. Nitilie vema, mdogo wangu."

Maisa alimtilia alama ya vema. Hakuuliza swali. Haroub ndiye aliyemfundisha baiskeli, akikimbia nyuma yake ameshika kiti, na kila aliposema "nimeshika", alikuwa ameshika kweli. Alama zikafika kumi na nne.

Jumamosi asubuhi, Baba alipima mabegi kwenye mizani ya duka, wakaondoka. Walifika kwenye tangi wakicheka. Hapo wakaiacha njia, wakashuka bondeni kupitia vichakani, Maisa mbele na ramani yake. Hawakufika mbali. Haroub alianza kuchechemea, kisha akakaa juu ya jiwe, uso umemkunjamana.

"Mguu wa kushoto. Siwezi tena."

"Umefanya nini?" Mama aliuliza.

Haroub aliangalia chini. "Ni hii njia ya Maisa. Katupitisha kwenye mashimo. Nilijua tu, mtoto hawezi kupanga safari."

Maisa alimtazama, akingoja acheke na kusema ni utani. Haroub aligeuza uso. Hakukuwa na shimo hata moja. Kilima kile alikuwa amekipanda siku kumi na nne kwa miguu yake mwenyewe, na bonde lile alikuwa amelipita alipochora ramani.

"Basi," alisema Mama. "Ni Tanga."

Baba alipiga goti, akakifungua kiatu na kukivua taratibu. Vidole vilikuwa vimetoka malengelenge. Kisha akatia mkono ndani ya kiatu, akatoa bonge la karatasi, ile inayosokomezwa kwenye ncha ya kiatu kipya kikiwa bado dukani.

Wote wanne waliitazama.

"Hivi viatu umevivaa mara ngapi?" Baba aliuliza.

"Leo," Haroub alinong'ona. "Ya mguu wa kulia niliitoa. Hii nilidhani ni kiatu kinabana tu."

"Na daftari lina alama kumi na nne?"

"Nilizitia mie," Maisa alisema. "Aliniambia anapanda. Nikamwamini."

"Nilikuwa nakaa kwenye kibanda cha gemu," alisema Haroub. Machozi yalimtoka. "Nilitaka viatu vionekane vipya kwenye picha za Pugu. Njia ya Maisa haina kosa. Nisamehe, mdogo wangu."

Maisa aliikunja ramani yake, akaitia begini.

Haroub alivaa ndala za Mama zilizokuwa begini, wakarudi polepole. Mzigo wake waligawana. Maisa akapewa maji ya Haroub, lita mbili. Walipofika nyumbani, mabega yalikuwa yanamuuma.

"Mnauona mzigo huu?" Baba alisema. "Haroub, uongo wako umebebwa na mdogo wako toka bondeni. Msituni hakuna duka la kukimbilia. Ukisema una maji nawe huna, mwenzako ndiye atakayelala na kiu. Na wewe Maisa, kumwamini kaka yako si kosa. Lakini alama yako ni ushahidi. Usiitie kwa jambo ambalo hukuliona."

Mama alivuta pumzi. "Ramani ilikuwa nzuri. Mguu ukipona, mtapewa wiki mbili nyingine, nyie wawili pamoja. Kisha tutajaribu tena."

Siku kumi baadaye, Haroub alipanda kilima nyuma ya dada yake, viatu vyake vikiwa vyekundu kwa vumbi.

"Maisa, nisubiri."

Maisa alisimama akamsubiri. Lakini kalamu aliiacha mfukoni mpaka kaka yake alipoligusa tangi kwa mkono wake.