Nati Tano Kabla ya Safari

Kabla ya kila safari, mwalimu mstaafu alikaza nati za magurudumu ya gari lake kuukuu. Hakukaza kwa mikono. Alipanda juu ya spana kwa miguu yote miwili, akarukaruka. Mkewe aliogopa gari, naye alimpenda mkewe. Basi alikaza mpaka chuma kikalia.

Jumatano asubuhi, kwenye gurudumu la nyuma, chuma kililia kwa mara ya mwisho. Ka! Nati ikaanguka na kipande cha stadi ndani yake. Stadi ni ile bolti fupi inayopita kwenye tundu la gurudumu na kufungwa kwa nati.

Mwalimu alikaa chini, hoi. Kesho yake mkewe alitakiwa hospitali, atolewe mtoto wa jicho. Mke huyo ni fundi cherehani, na kwa mwaka mzima hajaweza kutunga uzi. Akikosa kesho, zamu nyingine ni baada ya miezi minne.

"Zimebaki nne, mke wangu," alisema. "Nne zinatosha. Tutakwenda polepole."

"Nani kasema zinatosha?"

Alikuwa jirani yao, Mama Spana, aliyefanya kazi miaka thelathini katika karakana ya mabasi.

"Hizo nne zitabeba mzigo wa ya tano," alisema. "Zitachoka, zikatike moja moja, na dada yangu yumo ndani. Tena hiyo haikukatika yenyewe. Umeirukia! Stadi ikikazwa kupita kiasi huvutika, mwisho hukatika."

"Niliogopa gurudumu lisichomoke," Mwalimu alisema kwa aibu.

"Najua, shemeji." Sauti ya Mama Spana ililainika. "Nenda dukani na hicho kipande. Leta stadi na nati zinazolingana nacho kwa unene, urefu na nyuzi, ile mikato ya kuzungushia nati."

Mwalimu aliporudi, waliweka mawe kwenye magurudumu ya mbele. Walilegeza nati gurudumu likiwa bado chini, kisha wakainua gari kwa jeki na kuweka stendi ya chuma chini yake.

"Jeki ni ya kuinulia tu," Mama Spana alisema. "Usiiamini hata kwa mkono wako."

Walitoa gurudumu, wakashusha handbreki, wakavua dramu ya breki. Mama Spana alizikagua stadi nne zilizobaki. Zilikuwa nzima. Ile iliyokatika aliigonga kwa nyundo, ikatokea nyuma ya sahani ya chuma inayozishika stadi. Akaingiza mpya kutokea huko huko nyuma, meno yake yakalingana na ya tundu. Mbele akaivalisha pete bapa za chuma na mojawapo ya nati nne za zamani, akakaza taratibu. Stadi ikavutwa ndani.

"Imefika," alisema Mwalimu.

"Ngojeni kwanza," alisema mkewe. Alikuja akipapasa ubavu wa gari. Akapitisha kidole nyuma, kwenye kichwa cha stadi. "Haijakaa. Ukucha wangu unapita."

Mama Spana akamulika kwa tochi. Kweli, palikuwa na upenyo mwembamba.

"Sisi wenye macho tumepitwa!" alisema. "Dada, umejuaje?"

"Pindo lililoinuka nalijua kwa kidole."

Wakakaza tena, mpaka ukucha ukakosa pa kupita. Wakarudisha dramu na gurudumu. Gari liliposhushwa, Mama Spana alileta spana ya kipimo. Hiyo hulia "tak" nati ikifikia kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari.

"Ukikaza moja, vuka uende upande wa pili. Usifuate duara," alisema. "Na miguu yako ibaki ardhini, Mwalimu! Kesho nendeni na spana hii; mkifika kilomita hamsini, simameni mkaze tena."

Alhamisi walisimama kando ya barabara. Mke aliteremsha kioo, akahesabu. Tak tano. "Twende," alisema, wala hakushika mlango kwa woga kama kawaida yake.

Ijumaa daktari alifungua bandeji ya jicho la kulia. Mke alimtazama mumewe, nywele mpaka kidevu, kwa muda mrefu.

"Mbona umezeeka bila kuniambia?"

Mwalimu alicheka, kisha machozi yakamtoka.

"Nilitaka uone mwenyewe," alisema.