Simu Nne Ndani ya Mzinga wa Baba

Simu zote nne zilikuwa zimezimwa. Rahabu alikuwa na uhakika, kwa sababu alizizima mwenyewe moja baada ya nyingine, akisubiri kila kioo kiwe cheusi kabla ya kuchukua inayofuata. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi, alipokuwa anafagia sebule ya nyumbani kwao Itigi na mzinga wa nyuki wa marehemu baba, alimozificha, ukatetemeka juu ya kabati, hakuogopa. Alikasirika.

Alimwita mdogo wake Benson na kumtuhumu kwamba amewasha simu yake kwa siri. Benson akaapa hajaugusa mzinga. Rahabu akamjibu kwamba hata mwaka jana aliapa hakumsikia mama.

Mwaka jana, wakati wa Krismasi, mama yao Anastazia aliteleza jikoni akavunjika mkono. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Watoto wake watatu walikuwa sebuleni, hatua kumi na mbili kutoka pale alipoangukia, kila mmoja ameinamia simu yake, na aliyemsikia ni jirani. Rahabu alizipima hatua hizo baadaye, mara mbili. Ndiyo maana mwaka huu, Jumatano, walipofika tu na kabla hata ya chai, aliwasimamisha Benson na mdogo wao wa mwisho, Witness, akanyoosha mkono.

"Zima simu," alisema. "Tuko likizo."

Siku nne bila simu, hadi Jumapili. Hata kitochi cha mama, simu yake ndogo ya vitufe, kilichukuliwa, ili asiwepo wa kulalamika. Rahabu akazitia zote ndani ya mzinga, gogo lililochongwa lenye kifuniko cha mbao mwishoni, ambalo Benson alilitoa vichakani mwezi wa nane ili liwe pambo la sebule.

Mama hakupenda. Alisema nyuki waliuhama mzinga ule mwaka aliofariki baba yao, na mzinga uliohamwa huingiwa na kitu kingine, hauingizwi nyumbani. Hupasuliwa na kuchomwa palepale ulipotundikwa, kila mrina asali wa Itigi anajua hivyo. Rahabu alimjibu kwa haraka, na kwa ukali kuliko alivyokusudia, kwamba hilo ni gogo tu.

Alhamisi yote mzinga ulitetemeka, ukinyamaza kila alipoukaribia. Ijumaa sebule ikaanza kunuka nta ya zamani na moshi, na Witness akalalamika kwamba kitenge chake cha kijani, alichokianika asubuhi, hakipo kwenye kamba. Jioni kilikuwa kimerudi, kimejaa miiba.

Jumamosi saa tano mume wa Witness, Alphonce, aliingia uani na pikipiki. Alikuwa anatoka Mkiwa, ambako wanaishi na anauza mafuta ya alizeti njia panda. Alikuwa amebaki huko na mtoto wao Amosi, mwenye miaka mitano, na mpango ulikuwa waje pamoja siku hiyo. Alikuja peke yake.

Alimwamkia mama mkwe, akapokewa, akaulizwa mtoto yuko wapi. Akacheka, akidhani anataniwa.

"Si mlimpokea jana," alisema.

Witness alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alphonce akamkumbusha, bado anatabasamu, kwamba yeye mwenyewe alipiga simu Alhamisi usiku, wakaongea dakika arobaini, na Ijumaa akapiga tena kusema hawezi kusubiri, ampandishe mtoto gari ya saa nane, atamngoja stendi. Konda alithibitisha kwamba mama wa kitenge cha kijani alimpokea mtoto na kumwita kwa jina.

"Alphonce, sijashika simu tangu Jumatano."

Tabasamu likamwondoka. Alitoa simu yake na kuwaonyesha jina la mke wake na muda wa kila maongezi, na papo hapo kutoka sebuleni, kupitia mlango ulio wazi, mchana kweupe, mtetemo ulianza tena, na safari hii haukunyamaza Rahabu alipoukaribia, wala alipouinamia, wala alipoweka sikio kwenye mbao na kusikia, ndani kabisa ya gogo, sauti yake mwenyewe, tulivu kuliko yoyote aliyowahi kuwa nayo maishani, ikimwambia mtu fulani kwamba wote hawajambo, mama hajambo, msijisumbue kuja.

Mama alimtuma Benson kwa Mzee Mughwai, aliyerina asali na baba yao miaka thelathini na aliyejua kuwafukuza wakazi wasioonekana wa vichakani. Alifika na panga na kinga cha moto, na hasira. Shikamoo zao hakuziitikia.

"Mmekipa nyumba," alisema kwa sauti ya chini. "Halafu mkakipa midomo minne. Mlitaka kifanye nini?"

Kifuniko kilikuwa kimezibwa kwa nta mpya, laini, wakati hakuna nyuki hata mmoja aliyeonekana. Mughwai alikataza kisifunguliwe pale. Benson na Alphonce waliubeba mzinga hadi vichakani, mwendo wa saa nzima, kwenye mti ambao waya wa baba ulikuwa bado umening'inia, na njia nzima Witness alimtukana dada yake kwa sauti isiyopanda, kwamba alijifanya mama wa kila mtu, kwamba hana mtoto ndiyo maana.

Mughwai alipasua mzinga. Simu zilikuwa zimeganda kwenye nta, zina joto kama mwili. Alisema vyote vilivyokuwa tumboni mwa mzinga viungue pamoja nao, kisibaki hata kimoja, kisha mtoto ataachiwa.

Wakati Benson akipanga kuni, Witness aliibandua simu yake na kuisokomeza kwenye pindo la kitenge. Rahabu alimwona. Walitazamana.

"Akinipigia je?" Witness alinong'ona.

Kwa mara ya kwanza wiki ile Rahabu hakumkemea mtu. Alimhurumia mdogo wake, akageuza uso, na moto ukawashwa.

Moshi ulikuwa mweusi na mzito. Ulipopungua, Amosi alitoka kati ya vichaka, miguu mitupu, hana hata mchubuko, na Witness akamkimbilia akilia. Mughwai peke yake hakusogea. Aliuliza kama vyote vimeungua. Rahabu akasema ndiyo.

Nyumbani mama alimtengea mjukuu ugali wa uwele na mlenda. Mtoto alionja, akatema. Alisema mlenda una chumvi. Alitaka asali, na akaila kwa kidole, sahani nzima, amekaa kwenye mapaja ya mama yake, huku wakubwa wakijaribu kucheka.

Ndipo kitenge cha Witness kikatetemeka.

Aliitoa simu. Kioo kilikuwa cheusi, kimezimwa kama Rahabu alivyokizima Jumatano, na bado sauti ilitoka, ndogo, yenye kikohozi, sauti ambayo kila mmoja pale angeitambua hata usingizini, ikisema, "Mama, yule mama mwenye kitenge chako aliniambia nisubiri hapa kwenye shimo la mti. Mmechoma nini? Niliwaona. Nimewaita mpaka nimechoka, mbona hamsikii?"

Rahabu alikuwa hatua mbili kutoka mlangoni. Hakuweza kupiga hata moja.

Mtoto aliyekaa kwenye mapaja ya Witness alilamba kidole, akainua uso, na kwa sauti ya Rahabu, taratibu, akasema, "Zima simu. Tuko likizo."