Maji ya Mshale Namba Nne

"Umeuosha?"

"Nimeiosha mishale yote sita, baba. Ndiyo kazi uliyonipa."

"Sikuulizi hiyo mingine! Nakuuliza huu, namba nne. Nani kakutuma?"

"Ulikuwa na damu. Damu ikikaukia kwenye gundi, manyoya yanabanduka. Si wewe uliyenifundisha?"

"Niliuficha chini ya gunia, nawe ukaenda kuufukua! Kuuliza kwanza hukufundishwa?"

"Ningekuuliza wapi? Umeondoka alfajiri, unarudi sasa hivi jua linazama!"

Baba alinyanyua mkono. Nikafumba macho. Hakunipiga. Nilipofumbua, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nje ya jiko, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Baba yangu, Nestory, huwaongoza wageni wanaokuja kuwinda kwa upinde kule bondeni Rukwa. Mmoja wao huacha upinde na mishale yake nyumbani kwetu mpaka msimu mwingine. Mishale yenyewe ni ya kaboni, myeusi, myepesi kama mabua ya ulezi, na kila mmoja una namba yake. Niliacha shule kidato cha pili, bibi alipopooza kule Ilemba na mama akawa haishi kwenda kumuuguza. Tangu hapo kuitunza mishale hiyo imekuwa kazi yangu, na ninaipenda. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini. Petroli hapana, inakula gundi. Ukishaukausha mshale unapitisha pamba kutoka kwenye ncha hadi kwenye manyoya. Pamba ikinasa, kuna ufa. Mwisho unaupinda kidogo karibu na sikio na kusikiliza. Mzima haulii. Wenye ufa unalia... tss... na huo haurushwi tena, maana utapasukia mkononi mwa anayeurusha.

Lakini ukoo wa baba ni wawindaji tangu zamani, na wana miiko yao. Mwindaji haoshi mshale kabla ya kumfikia aliyemjeruhi. Damu ya kwenye mshale, wanasema, ndiyo inayoishika ile iliyodondoka njiani. Ukiiosha, aliyejeruhiwa hafi wala hapotei. Anageuka. Anaifuata damu yake mpaka pale ilipomwagwa.

Nililijua hilo. Nilidhani ni la mishale ya mwanzi ya akina babu. Huu umetoka kiwandani, nilijiambia, utajua nini habari za ukoo wetu?

"Ulipiga nini, baba?"

"Nilidhani nguruwe pori." Alisema akitazama chini. "Jana jioni, kule kwenye ulezi. Kilikuwa kimeinama, kinachezesha mabua. Nikaachia mshale. Kikasimama."

"Kikasimama vipi?"

"Kwa miguu miwili, Redempta."

Mama alitakiwa kurudi kutoka Ilemba jana jioni. Ukishuka kwenye gari kule barabarani, njia ya kuja kwetu inakatiza katikati ya shamba lile lile. Hakufika. Simu yake haikupatikana usiku kucha, na leo mchana kutwa.

Sikuthubutu kumtaja mama.

"Nimefuata damu siku nzima," alisema. "Ilikuwa mbichi, tone baada ya tone. Saa saba mchana, pale kijitoni, ikakatika kama mtu kaifuta. Wewe uliosha saa ngapi?"

"Saa saba," nilinong'ona.

"Maji ulimwaga wapi?"

Nilimwonyesha kwa kidole. Mbele ya mlango wa nyumba, chini kabisa ya kizingiti.

Ndipo nikayakumbuka maji yenyewe. Hayakuwa mekundu. Yalikuwa ya kijivu, mazito, na chini ya beseni palibaki unga. Unga laini, mweupe. Huku kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba mchawi ndiye hupita mashambani amejipaka unga mwili mzima.

"Tuingie ndani," alisema baba.

Tulifunga komeo. Tukaburuza meza, tukaisukumiza mlangoni. Baba akashusha upinde kutoka ukutani.

"Nipe namba nne. Aliyepigwa na huo hadhuriwi na mwingine."

Niliuchukua. Kwa mazoea tu, nikaupinda karibu na sikio.

Tss...

Mchana haukulia. Nina hakika. Nikaupinda tena. Tss... tss... Nikauachia, nikaushika tu mkononi, umenyooka.

Uliendelea.

Tss... kimya... tss... kimya. Kama mtu anayevuta pumzi kwa shida.

Simu ya baba ikaita. Nilirukia mezani. Jina la mama.

"Mama! Uko wapi?"

"Niko Ilemba kwa bibi yako, niwe wapi tena? Jana gari lilishindwa kupanda mlima, wakaturudisha. Na simu iliisha chaji, umeme umerudi sasa hivi."

Nililia kwa furaha. Baba alifanya ishara ya msalaba, akaegemea ukuta. Nikaweka sauti kubwa ili naye asikie.

"Ila sikulala," mama aliendelea. Sauti yake ilikuwa bapa, kama anasoma. "Jana jioni nilisinzia kidogo. Nikashtuka ubavu unaniuma, kama nimechomwa na kitu. Nimeugulia usiku kucha mpaka leo saa saba. Halafu maumivu yakaacha. Mara moja tu."

"Umepona, mama?"

"Sijui kama ndiyo kupona. Siusikii huo ubavu. Hata miguu siisikii. Bibi yako kanishika mkono, ninamwona amenishika, lakini..."

Ikakatika. Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena...

Baba alinishika bega. "Shhh."

Upepo ulikuwa umeacha. Huku kwetu juu mlimani upepo hauachi, si mwezi huu. Kisha ikaingia harufu kupitia chini ya mlango. Unga mbichi wa ulezi. Damu. Na mafuta ya mgando, yale anayojipaka mama akitoka kuoga.

Hatua zikafuata. Mguu mmoja ulikanyaga, wa pili uliburuzwa.

Kanyaga... buruza.

Kanyaga... buruza.

Zikasimama pale pale nilipomwaga maji. Kitu kikainama. Tukasikia ulimi ukilamba udongo.

Baba alivuta kamba ya upinde kuujaribu. "Nipe mshale," alinong'ona.

"Una ufa, baba. Utakupasukia mkononi."

"Nipe."

"Na kama ni mama?"

"Mama yako yuko Ilemba. Si umemsikia mwenyewe?"

"Nilichosikia si mama mzima! Na wewe umekisikia!"

Uso wake ukabadilika. Nadhani alikuwa ameshalifikiria hilo kabla yangu, na bado alinyoosha mkono. "Kama ni yeye," alisema polepole, "basi hatukuwahi kumjua."

Niliuvunja. Niliuweka gotini na kuukandamiza kwa nguvu zangu zote. Kaboni haivunjiki kama mti. Inapasuka vijiti vyembamba kama sindano, na sindano hizo zikaniingia viganjani. Nje, mlambaji alinyamaza. Baba alitupa upinde chini.

"Umetumaliza, Redempta."

Ndugu zetu wakiuliza habari za usiku ule, yeye husema mtoto aliingiwa na wazimu. Mpaka leo sijui uchawi una mipaka gani, wala sijui mama alikuwa anakwenda wapi kila aliposinzia. Ila baba alikuwa amesimama mbali, kule kwenye kona. Mimi ndiye niliyesogeza meza, nikaweka sikio kwenye mbao, na mkono wangu wenye damu ulikuwa juu ya komeo wakati sauti ya mama, taratibu, bila hasira yoyote, iliposema:

"Asante kwa kuniosha, mwanangu. Nifungulie upesi. Kule Ilemba wameshaanza kunifunika shuka."